Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya: Hicho mnachotujengea kinaitwaje?

Mheshimiwa Katibu Mkuu,
Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Salaam. Mimi ni mhadhiri. Huu ni mwaka wa kumi na moja nafundisha kozi ya mtangamano wa kikanda na uhusiano wa kimataifa, katika ukumbi wenye viti themanini na wanafunzi mia na ishirini. Lakini sikuandikii kuhusu viti. Nakuandikia kuhusu neno moja.

Muhula uliopita tulifika Ibara ya 5 ya Mkataba wa Jumuiya. Ngazi zake unazijua: Umoja wa Forodha ulioanza 2005, Soko la Pamoja la Julai 2010, Umoja wa Fedha ambao itifaki yake ilisainiwa Kampala Novemba 2013 (sarafu ilitakiwa iwe mifukoni mwetu 2024, tuyaache hayo), na kileleni Shirikisho la Kisiasa, yaani nchi zote chini ya serikali kuu moja. Mpaka hapo darasa limetulia. Vurugu ilianza nilipofika Mei 2017, Wakuu wa Nchi walipoamua kwamba kabla ya shirikisho tupitie kwanza hatua nyepesi zaidi, ile ambayo kila nchi hubaki na mamlaka yake na kukabidhi mambo machache tu kwa chombo cha pamoja. Kwa Kiingereza na Kifaransa hatua hiyo ina jina lake: confederation, confédération. Nikauliza: kwa Kiswahili tuiiteje?

Binti mmoja wa Dodoma akajibu haraka, "Muungano." Mkenya aliyeketi nyuma akacheka. Kwake muungano ni vyama vinavyoshikana mikono kabla ya uchaguzi na kuachana baada ya matokeo. Kwa yule binti, Muungano ni 26 Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar kuwa nchi moja, kitu kizito kuliko hata shirikisho lenyewe. Kijana wa Bukavu akasema "konfederasio". Mrundi akaleta "ushirika", wenzake wakamkumbusha habari za kahawa na pamba. Mwingine akasema ni shirikisho tu, akaulizwa kama ni lile la soka. Nusu saa ikaenda. Ilikuwa nusu saa tamu kuliko zote za muhula ule, ila mwalimu alitoka bila jibu.

Mwanafunzi wangu atakariri neno la Kiingereza na kufaulu mtihani, huyo simhofii. Nawahofia walio nje ya ukumbi. Wataalamu mliowapa kazi ya kuandaa rasimu ya katiba ya hatua hiyo, chini ya Jaji Mkuu mstaafu wa Uganda, Benjamin Odoki, wameshapita Burundi, Uganda na Kenya wakikusanya maoni ya wananchi. Mama anayeuza nyanya Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, akiulizwa kama anautaka muungano, atakuwa anajibu swali lipi? Na mwenzake wa upande wa pili wa barabara hiyohiyo?

Haya si mambo ya wapenda sarufi. Tarehe 5 Juni 1963, Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza jijini Nairobi nia ya kuunda shirikisho kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuzaliwa. Sababu ni nyingi, lakini darasani huwa nakaa sana kwenye moja: Uganda ilitaka kila nchi ibaki na kiti chake Umoja wa Mataifa, uraia wake na haki ya kukopa nje. Hilo halikuwa shirikisho. Lilikuwa karibu sana na hatua hii ambayo leo, miaka zaidi ya sitini baadaye, bado tunaitafutia jina. Watu watatu walisaini tamko moja, kila mmoja akiwa na jengo lake kichwani.

Februari 2021 Wakuu wa Nchi waliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Kamisheni ya Kiswahili ipo Zanzibar, na hii ndiyo kazi yake hasa. Siombi kamusi wala kongamano la siku tatu lenye mikoba. Naomba neno moja na maelezo yake, ukurasa mmoja unatosha, yatumike katika kila taarifa ya Kiswahili itokayo Arusha, na yatangulie kabla rasimu haijapelekwa kwa wananchi wengine.

Mimi binafsi napendelea "konfederesheni". Halina utamu mdomoni, lakini halina historia Dodoma wala Nairobi, na asiyelijua atalazimika kuuliza maana. Mkipata zuri zaidi nitalifundisha hilo.

Mada hii huifikia wiki ya tisa ya muhula. Kwenye slaidi nimeacha nafasi wazi.

Wako mtiifu,
Mhadhiri, Dar es Salaam