Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mikutano ilifanyika, ada zimekusanywa japo kwa kusukumana, na misibani hatukuachana. Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia onyesho la muziki wa jadi wa Kijapani la mwezi wa Novemba, maana ndilo mnaloniuliza kila tukikutana.

Wengi mlilipinga. Mlisema tumeishi hapa Osaka miaka yote hii, leo tulipie muziki usiochezeka? Nakiri kimoyomoyo nilikuwa upande wenu. Aliyeshikilia ni katibu.

Wapigaji walikuwa watatu: wa koto, wa shamisen, ala ya nyuzi tatu yenye shingo ndefu, na wa shakuhachi. Koto ililazwa chini, nyuzi zake 13 zimetandazwa juu ya mbao za mti wa kiri, kila uzi na kidaraja chake cha kusogezwa ili kupata sauti. Mpigaji alipovaa kucha za kupigia kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mama mmoja wa Unguja akanong'ona nyuma yangu, "Si kanuni hiyo!" Hakuwa mbali, maana kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, nayo hupigwa kwa kucha za kuvaa. Shakuhachi nayo ni filimbi ya mwanzi yenye matundu matano tu, na pumzi ya mpigaji husikika waziwazi. Watoto walicheka mwanzoni, kisha ukumbi mzima ukatulia.

Walipopiga "Haru no Umi", aliyoitunga Michio Miyagi mwaka 1929, mtu aliyepoteza macho tangu utotoni, nusu ya ukumbi tuligeukiana: kumbe ndiyo ile ya madukani kila Mwaka Mpya!

Baadaye mzee wetu wa Mombasa aliwauliza wageni kuhusu taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibonye iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912. Akawafungulia simu wakaisikia ndani ya taarabu ya Zuhura Swaleh. Mpiga shamisen aliomba irudiwe mara tatu. Kwangu hapo ndipo gharama ilipolipa.

Kasoro ilikuwa moja, na ni yangu: niliruhusu sambusa zikaangwe jikoni onyesho likiendelea. Muziki ule una vituo virefu vya ukimya, na kila kituo tulisikia mafuta yakichachatika. Nimewaomba radhi wapigaji, nanyi pia.

Viingilio havikutosha kulipia ukumbi. Pengo limezibwa na akiba. Hata hivyo kamati inaomba idhini yenu kuwaalika tena mwakani, safari hii pamoja na mpiga kanuni tukimpata. Kura itapigwa leo, kabla ya chakula.

Mwenyekiti