Mdogo wangu, kabla hujahamia shamba

Kamwene mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa chini ya ng'ombe, simu nimeibana ndani ya kilemba. Kumbe mumeo ameacha kazi kweli, na mwezi wa sita mnahama Dar kwenda kwenye shamba la baba yake huko Mufindi, na watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Mwishoni ukauliza, "Dada, wewe unabalansije nyumba, watoto na shamba?" Nilicheka mpaka ng'ombe akanichapa mkia. Nakujibu kwa maandishi, tena hadharani, maana si wewe wa kwanza kuniuliza na sauti yangu imechoka kurudia.

Sibalansi. Mizani ina sahani mbili, na hapa kwangu Njombe sijawahi kuona mpaka kati ya nyumba na shamba. Mahindi yanaanikwa uani wanapochezea watoto. Chumba cha wageni kimejaa mbegu za viazi zinazosubiri kuchipua. Mwaka jana ndama alizaliwa usiku wa baridi kali, akalala jikoni siku mbili, na huyu wangu wa kati akamwita mdogo wake. Anayekushauri umalize kwanza kazi za nyumbani ndipo uende shamba, huyo hajakaa shamba. Kazi za nyumbani haziishi, na mvua haikusubiri.

Nianze na alfajiri, maana ndiko ndoa nyingi za shamba zinakochubuka. Ng'ombe wetu wawili wanakamuliwa saa kumi na moja asubuhi na saa kumi na moja jioni. Pikipiki ya maziwa inapita barabarani saa moja na nusu, na dereva hamsubiri mtu. Sasa saa hiyohiyo ya kumi na moja ndiyo mtoto mchanga anaamka kutaka ziwa. Kwa mzaliwa wangu wa kwanza nilikuwa nakamua huku nimembeba mgongoni, analia, ng'ombe anageuza shingo kunitazama. Ng'ombe akishtuka hubana maziwa; hata ukamvuta chuchu mpaka jua litoke, hakupi. Nikawa natoka na nusu ndoo, tena na maziwa yaliyobaki kwenye kiwele, na kiwele kisichokamuliwa vizuri ni mwaliko wa ugonjwa wa kiwele.

Shemeji yako ni mtu mwema, lakini alilelewa akijua mtoto akilia usiku huitwa mama. Nilimweleza kwa upole, kisha kwa ukali, haikuingia. Kilichoingia ni hesabu. Siku moja mama mkwe alikuja kutusalimia, akamshika mtoto alfajiri kwa wiki nzima, na lita zikapanda. Shemeji yako mwenyewe alizihesabu kwenye kadi ya maziwa. Mama mkwe alipoondoka, mwanaume akaamka mwenyewe, akamchukua mtoto, akabandika uji. Tangu hapo alfajiri yeye ni na watoto, mimi ni na ng'ombe. Majirani walimcheka miezi miwili hivi, wakachoka.

Kwa hiyo kabla hamjapakia hata godoro, kaeni na mumeo mkubaliane nani anashika mtoto saa ya kukamua. Mengine yote mtayajua mkiwa njiani.

Najua utaniuliza usafi, kwa sababu mama alitulea kwamba mwanamke halali na vyombo vichafu. Mimi nalala navyo. Sufuria ya ugali naijaza maji usiku, asubuhi ukoko unabanduka wenyewe, kuku wanaula, naosha. Wifi yangu alinikuta siku moja na beseni limejaa, akasema kwa sauti ya kusikika na ukweni kwamba dada mkubwa amechoka maisha. Sawa. Lakini keni ya maziwa hailali chafu kwangu hata siku moja. Nikirudi tu barabarani inaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, inasuuzwa, inafunikwa juu chini kwenye kichanja, kabla sijagusa kikombe chochote cha chai. Maziwa yakikataliwa kituoni kwa kuchacha, ada ya shule ndiyo imechacha. Kikombe chenye utando wa chai hakijawahi kumnyima mtu usingizi.

Nguo ndiyo vita nisiyoishinda. Kuanzia Desemba hadi Aprili ukungu unashuka, nepi hazikauki, tunazitundika juu ya moto na mtoto ananuka moshi kama samaki wa kukaushwa. Nimezoea. Ukija, njoo na nepi nyingi kuliko unavyodhani, na mabuti ya kila mtoto. Chakula nacho usikipe mawazo sana: loweka mahindi yaliyokobolewa na maharage usiku, asubuhi bandika makande kwenye kuni moja nene, nenda kapalilie. Ukirudi saa saba yameiva au yamekaribia, na yanaliwa hadi kesho yake. Mboga ni figiri na maboga. Pilau ni ya Krismasi.

Sasa nataka uvue miwani ya Dar kidogo, unisome taratibu. Kuna vitu sijali vikichelewa, na kuna vichache ambavyo havina samahani.

Mwanangu wa kati akiwa na miaka miwili na nusu nilimkuta nyuma ya banda anajipikilisha. Alikuwa amepata udongo, majani, na kikombe kizuri cha kupimia. Kikombe chenyewe kilikuwa kifuniko cha dawa ya ukungu wa viazi, shemeji yako alikiacha juu ya bomba la kupulizia dawa akaenda kunywa maji. Mtoto alikuwa anakipeleka mdomoni "kuonja mchuzi". Nilimfikia. Mikono ilinitetemeka mpaka jioni, na maneno niliyomwambia baba yake siku hiyo hayaandikiki hapa. Leo dawa zote ziko kwenye sanduku la bati lenye kufuli, funguo shingoni mwangu, na hakuna dawa wala mafuta ya taa inayohamishiwa kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, yakipanda yanaingia kwenye mapafu; mkimbize zahanati na chupa mkononi.

Vile vidonge vya kufukizia mahindi ndivyo ninavyoviogopa kuliko nyoka. Watu huvitia kwenye magunia, kisha magunia wanayapanga chumba cha watoto kwa sababu ya wezi. Vile vidonge hutoa hewa yenye sumu, na hewa haijui gunia limeishia wapi na kitanda kimeanzia wapi. Kama hamna ghala mbali na mnapolala, nunueni mifuko ile ya plastiki tabaka mbili ndani ya kiroba, inayofungwa hewa isiingie. Wadudu wanakufa wenyewe bila dawa. Ila mahindi yawe yamekauka. Kipimo cha bibi na bwana shamba ni kimoja: chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha turubai juani. Mahindi mabichi yakihifadhiwa huota ukungu wenye sumu, ndiyo inaitwa sumukuvu, na mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hiyo, watoto wakiwamo. Uji wa mtoto unatoka kwenye gunia hilohilo, kumbuka.

Na mnakuja mwezi wa sita, baridi ikiwa kwenye mifupa. Mtashawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Msithubutu. Moshi wake mbaya hauna harufu wala rangi, mnalala wanne mnaamka hamna. Vaeni masweta, laleni pamoja.

Pipa la maji lifunikwe, na mashimo ya kupandia parachichi yafukiwe mapema. Hayo mashimo yana kina cha sentimita 60 hivi, kiangazi ni mchezo, masika yanajaa maji na nyasi zinayaficha. Wewe mwenyewe ng'ombe akitupa mimba au kondo la nyuma likigoma kutoka, usilishike kwa mikono mitupu, hasa kama una ujauzito. Maziwa ya kunywa nyumbani yachemke kabisa. Wazee watakwambia wao walikunywa mabichi. Waheshimu, kisha chemsha.

Nikisema habari za watoto kusaidia kazi, kuna jambo siwezi kulificha. Mwaka juzi wakati wa kupanda, mkubwa wangu akiwa darasa la kwanza, nilimbakiza nyumbani siku tatu amshike mdogo wake. Mvua ilikuwa imekubali, vibarua wameshalipwa nusu, dada wa kazi alikuwa ameondoka usiku bila kuaga (usiwategemee sana, msimu wa viazi wanapata hela zaidi shambani). Siku ya nne mwalimu alinikuta njiani, akaniuliza tu, "Mtoto amepona?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo tunaalikana wanawake watano, tunapanda shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, na mmoja wetu kwa zamu anabaki na watoto wote chini ya mti na sufuria ya uji. Anayebaki na watoto anahesabiwa kama aliyeshika jembe. Mmoja alibisha mwanzoni kwamba kukaa kivulini si kazi. Tukampa zamu ya kwanza. Watoto kumi na mmoja. Hakubisha tena.

Hilo la kuhesabiwa ndilo hasa nilitaka kukuandikia, mengine ungeyajua kwa kuungua.

Shemeji yako ana daftari la shamba. Ameandika mbegu, mbolea ya kupandia, ya kukuzia, dawa, vibarua wa kupalilia, usafiri wa viazi. Msimu uliopita nilipekua nikitafuta namba ya fundi, nikaona siku ya kuvuna viazi: vibarua kumi na wawili, kila mmoja na posho yake. Siku hiyo nililisha watu kumi na wanne mara mbili, nikachota maji safari sita, mtoto mgongoni, jioni nikakamua. Kwenye daftari sipo. Nikachukua kalamu nikaandika chini ya jina la mwisho: "Mpishi, mchota maji na mlezi: mimi", nikaweka posho ileile ya kibarua. Nikaendelea kuandika kila siku kwa mwezi mzima. Sikugomba. Mwisho wa mwezi alijumlisha, akakaa kimya kwenye ngazi muda mrefu, akasema, "Kumbe viazi havikutupa faida niliyodhani." Nikamwambia vilitupa, ila faida yenyewe nilikuwa mimi.

Usidhani haya ni maneno ya wanawake wa semina. Zamani hapa nchini mahakama zilikuwa zinagawanyika: majaji wengine walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, si mchango wa kuchuma mali ya ndoa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani ni mchango unaotambulika chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Mimi na wewe hatujazaliwa kwa ajili ya mahakama, na mumeo nampenda kama kaka. Lakini unakwenda kwenye ardhi ya baba mkwe. Mahindi ni ya msimu, mkikosana umeshakula. Mti una habari nyingine. Mparachichi wa kubebeshwa, yaani wa kuunganishwa tawi, unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na unakaa miaka mingi; ukishapanda miti themanini kwa mgongo wako, mgongo wako umebaki pale. Kwa hiyo kabla ya mche wa kwanza, mumeo amuulize mzee kwa adabu, mbele ya ndugu zake, kipande kipi ni chenu. Kikishajulikana, nendeni ofisi ya kijiji mkaulizie hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu majina ya mume na mke yaandikwe pamoja. Yetu tuliandika hivyo. Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama ameelewa vizuri, mume wangu akamjibu ameelewa.

Usinielewe kwamba nimejipatia pepo. Jana nimemfokea mtoto kwa kosa la ng'ombe. Kliniki ya chanjo ya mdogo nilichelewa wiki mbili kwa ajili ya palizi, nesi akanisema mbele za watu na nilistahili. Kuna jioni nakaa kwenye kigoda, mtoto ananyonya, moto unazima, siamki kuuchochea. Halafu mkubwa anakuja anaweka kichwa begani, ananuka majani, ananiambia kuku mweupe ametotoa saba. "Twende tukawaone," anasema, namwambia kesho. Tunakwenda usiku huohuo na tochi ya simu.

Nasikia pikipiki, lazima nikimbie. Masweta, nepi, mabuti, na pipa lenye mfuniko. Makochi njoo nayo kama gari lina nafasi. Ile meza ya kioo muachie jirani.

Dada yako