Sheria ya kodi ya magari Missouri haiponyi hati isiyosainiwa

Ndugu Mhariri,

Tangu jimbo la Missouri, Marekani, lipitishe mswada wa Seneti namba 398, na Gavana Mike Parson kuutia sahihi mwaka 2023, wasemao Kiswahili wengi huku wanaambiana kwamba shida za hati ya gari, ile karatasi ya umiliki, zimekwisha: unanunua, yadi ya magari inamaliza kila kitu, unaondoka. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayowaingiza watu hasara.

Kwa miaka mingi mnunuzi wa Missouri alitoka yadini na namba ya muda ya karatasi, ya siku 30, kisha akaachiwa mwenyewe kwenda ofisi ya leseni kulipa kodi ya mauzo na kuomba hati kwa jina lake. Wengi siku zilikwisha hawana hela ya kodi, na ndiyo maana mitaa ya St. Louis na Kansas City ilijaa namba za karatasi zilizopitwa na muda. Sheria ya 2023 inaitwika yadi kazi ya kukusanya kodi hiyo, ila kwa sharti: mfumo mpya wa kompyuta wa Idara ya Mapato uwe umekamilika kwanza. Kwa hiyo usikisie. Uliza kama yadi inakusanya kodi kabla hujapokea ufunguo, na kama umelipia kodi palepale, dai risiti inayoitaja kodi peke yake, mbali na bei ya gari.

Kodi ya jimbo ni asilimia 4.225, na juu yake kuna za kaunti na mji unakokaa wewe, si za mahali yadi ilipo. Gari la dola 8,000 linadaiwa na jimbo dola 338 kabla ya hizo nyingine. Yadi ikizitia kwenye mkopo, utazilipia riba hadi mkopo uishe. Muuzaji hatalitaja hilo usipomuuliza. Kuna nafuu ambayo watu huiacha mezani: ukiuza gari lako la zamani ndani ya siku 180, kabla au baada ya kununua jingine, bei uliyouzia inapunguzwa kwenye hesabu ya kodi. Uliuza la zamani kwa dola 3,000? Basi kodi ya jimbo inahesabiwa kwenye 5,000, yaani dola 211 na senti 25. Ushahidi ni hati ya mauzo, fomu namba 1957, yenye bei, tarehe na sahihi. Bila karatasi hiyo nafuu hupati.

Sasa tuje kwenye kile ambacho mswada huo haukukigusa: gari la mtu kwa mtu, la jirani au la mtu wa kanisani. Hapo hakuna yadi ya kukusanya chochote. Nyumbani Afrika Mashariki tumezoea gari kuzunguka miaka mitatu likiwa na jina la mwenyewe wa kwanza kwenye kadi, au logibuku kama wasemavyo Wakenya, na mambo yanakwenda. Missouri hayaendi. Kifungu 301.210 cha sheria za jimbo kinasema gari likiuzwa bila hati kukabidhiwa ikiwa imesainiwa, mauzo hayo ni ya ulaghai na ni batili. Hela umetoa, gari unalo uani, na machoni pa sheria hujanunua kitu.

Kwa hiyo kagua hati kabla ya kuhesabu noti. Linganisha namba ya chasi, ile ya tarakimu na herufi 17, na iliyo chini ya kioo cha mbele. Jina la mwenye gari lazima liwe la anayekuuzia, na kama kuna majina mawili yaliyounganishwa kwa neno "and", wote wawili wasaini. Kama benki imeandikwa upande wa mbele, dai karatasi ya benki ya kuachia gari. Ahadi ya "nitamaliza deni wiki ijayo" haifai kitu. Nyuma ya hati yajazwe jina lako, bei, tarehe na maili ambazo gari limekwenda. Gari la mwaka 2011 au jipya zaidi linadaiwa tamko la maili kwa miaka 20. Zamani ilikuwa 10, kanuni ya shirikisho ikabadilika tarehe 1 Januari 2021. Wapo wauzaji ambao bado wanashika hesabu ya zamani, wanaacha nafasi hiyo wazi, na ofisi inamrudisha mnunuzi.

Kosa dogo huharibu kazi yote. Ukifuta, ukakwangua au ukapaka rangi nyeupe juu ya jina, hati imeharibika na muuzaji atalazimika kuombea nyingine. Baya zaidi ni hati iliyosainiwa na muuzaji huku nafasi ya mnunuzi ikiachwa tupu, ipitishwe mkono kwa mkono ili kukwepa kodi. Anayebaki nayo mwishoni hawezi kuthibitisha amenunua kwa nani, na aliyesaini huenda amekwishahama jimbo.

Ukishapata hati iliyosainiwa sawasawa, una siku 30 za kwenda ofisi ya leseni na fomu 108, ya kuombea hati kwa jina lako. Siku ya 31 faini ni dola 25, na kila siku 30 inaongezeka 25 nyingine hadi kufika 200. Gari lenye zaidi ya miaka 10, au lililopita maili 150,000, halipewi namba bila ukaguzi wa usalama, na cheti cha ukaguzi kinadumu siku 60 tu. Ukikikata mapema mno ukisubiri kodi, utakilipia tena.

Na wewe unayeuza, namba za chuma ni zako: zifungue ubaki nazo. Kisha ndani ya siku 30 peleka taarifa ya mauzo, fomu 5049, au ile 1957. Usipoipeleka, kumbukumbu za jimbo zitaendelea kukutambua wewe, na gari likiachwa barabarani au likigonga mtu, barua zitakuja kwako.

Msomaji wako,
Kansas City, Missouri