Tarehe ya uzinduzi isimtangulie fundi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Makala yenu kuhusu rola kosta mpya (treni za burudani zinazopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli) zinazochelewa kufunguliwa katika bustani za burudani iliwatupia mafundi lawama zote. Nimestaafu kazi ya umeme wa mitambo, na ninachojua ni kwamba fundi hapangi tarehe. Hupangwa ofisini, hubandikwa kwenye mabango na kukatiwa tiketi, pengine hata kabla vyuma havijafika.

Mchezo huu ni wa zamani. Bustani ya burudani ya Disneyland, California, Marekani, ilianza kujengwa Julai 1954 na kufunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Siku hiyo lami ilikuwa bado mbichi, visigino vya viatu vya akina mama vikazama. Mafundi bomba walikuwa wamegoma, na muda ukatosha kukamilisha ama vyoo ama mabomba ya maji ya kunywa. Mwenye bustani, Walt Disney, akachagua vyoo (hapo namuunga mkono). Watu husimulia kisa hicho kwa kicheko, nami nacheka nao, kwa kuwa lami mbichi haijamuua mtu.

Lakini rola kosta si lami. Ikishakazwa boliti ya mwisho ndipo kazi yetu inapoanza. Treni huzungushwa tupu, kisha hupakiwa masanamu yaliyojazwa maji yawe na uzito wa watu, ikazunguka tena na tena. Treni ya asubuhi si ile ya mchana: magurudumu yakishapata moto inakimbia zaidi, na siku ya baridi au upepo mkali inaweza kuishiwa nguvu kwenye mpando wa reli ikarudi kinyumenyume. Reli nayo imegawanywa vipande, na treni hairuhusiwi kuingia kipande ambacho mwenzake hajatoka. Kila kihisi (kifaa kinachotambua treni ilipo) kinacholinda sharti hilo lazima ukijaribu kwa kukihujumu: chomoa waya, uone kama mtambo unasimama. Niliwahi kukesha siku tatu nikitafuta kwa nini kihisi kimoja kinadai treni imepita ilhali iko stesheni. Kumbe kilifungwa milimita chache mbali kuliko inavyotakiwa. Bango la uzinduzi lilikuwa limeshatundikwa getini.

Katika bustani ya Cedar Point, Ohio, Marekani, rola kosta ya Top Thrill 2 yenye kimo cha mita 128 ilifunguliwa Mei 2024. Baada ya wiki moja hivi ikafungwa kwa sababu magari yake yalihitaji marekebisho, na msimu wote ukapita hivyo. Wengi walicheka. Mimi niliona afadhali. Kansas City nako, uzinduzi wa mtelezo wa maji wa Verrückt uliahirishwa zaidi ya mara moja mwaka 2014, kwani katika majaribio maboya ya kubebea watu, yakiwa na mifuko ya mchanga, yaliruka nje. Sehemu ikabomolewa, ikajengwa upya, ukafunguliwa. Agosti 2016 mtoto wa miaka 10 akafia humo. Kwa hiyo anayedhihaki kuahirishwa kwa uzinduzi ajue kuna mahali hata kuahirisha hakukutosha.

Ninachoomba wenye bustani wafanye si kigumu: wasitaje siku hadi majaribio yaishe, na aliyekata tiketi kwa ajili ya mtambo mpya arudishiwe pesa zake ukiwa haujawa tayari, bila kuzungushwa.

Mwaka jana niliwapeleka wajukuu kwenye uzinduzi wa namna hiyo. Treni ilikuwa bado imefunikwa nailoni. Kijana mmoja alikuwa akipanga maua kando ya foleni yakiwa bado ndani ya mifuko yake myeusi, na rangi ya kizuizi ikamganda mjukuu wangu kwenye mkono wa shati. Mhudumu akatuambia tusubiri, utafunguliwa mchana huohuo. Nikachungulia paneli ya umeme iliyoachwa wazi: nyaya zimeviringishwa chini, hazina hata lebo. Wajukuu walinuna, lakini niliwashika mikono tukatoka kwenye foleni. Nyuma yetu watu walisogea mbele kujaza nafasi.

Fundi umeme mstaafu