Usalama wa mwanachuo usiishie getini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo vya hapa Mwanza, hasa ukanda wa Butimba, Nyegezi na Luchelele. Mimi ni mwenye nyumba, napangisha vyumba kwa wanachuo. Atakayesema nina maslahi atakuwa kasema kweli.

Mwaka wa masomo ukianza, wa mwaka wa kwanza hupewa semina: vitambulisho, mavazi, saa ya kufunga geti, mahali kilipo kizimamoto. Yote mazuri. Lakini hosteli za ndani hazitoshi, na wengi wao jioni ile ile wanarudi kulala mitaani kwetu, kwenye mageto, yaani vyumba vya kupanga. Huko hakuna aliyewafanyia semina.

Nianze na ziwa. Vijana hawa wanatoka Dodoma, Mbeya, Songea, na wengi hawajawahi kuishi kando ya maji makubwa. Bomba likikauka siku mbili wanashuka ufukweni na ndoo na madumu. Wanafua, wanaoga huko huko, wamesimama kwenye maji ya magotini penye majani. Hapo ndipo wanapoishi konokono wa kichocho. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono hao huwa vingi mchana, jua likiwa kali, saa zile zile ambazo vijana hupenda kwenda kuogelea Jumapili. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Mtu hasikii kitu, au anawashwa kidogo basi.

Wiki kadhaa baadaye inakuja homa, tumbo, uchovu. Kijana anakwenda duka la dawa, anaambiwa ni taifodi na yuitiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo (mji huu homa zote huanzia hapo), anapewa dawa, anarudi kulala. Mpangaji wangu mmoja alikaa hivyo karibu muhula mzima. Alipopimwa choo kikubwa ndipo mayai ya kichocho yakaonekana. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo hutolewa kwa uzito: mwenye kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, na ni vizuri awe amekula kwanza. Ni jambo dogo likiwahiwa. Likiachwa miaka, ini linaharibika, na mtu anaweza kufika hospitali ya Bugando akitapika damu.

Watoto wa shule za msingi humezeshwa dawa hii shuleni. Mwanachuo wa miaka 21 ameshatoka kwenye mpango huo na chuo hakijamwingiza kwenye mwingine. Bima analipia, zahanati ipo, ila hakuna anayemuuliza kama huwa anaoga ziwani.

Sisi wenye nyumba nasi tuna sehemu yetu. Maji ya ziwa yakitulia kwenye tangi siku mbili, bila konokono ndani, vijidudu vya kichocho vinakufa na maji hayo yanafaa kuogea. Ya kunywa bado yachemshwe, maana kuna kuhara na mengine. Kwangu nimeweka matangi mawili, moja likitumika jingine limetulia. Chuo kingeweza kututaka sote tufanye hivyo: kiwe na orodha ya nyumba kilizozikagua pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na mwanafunzi aambiwe apange humo. Nyumba isiyo na tangi wala choo cha maana isiingie. Wala ile yenye nondo madirishani na mlango mmoja wa kutokea, huku ndani vijana wanne wanapikia gesi pembeni ya godoro. Wenzangu watanichukia kwa hili. Sawa.

Kuhusu usiku nitasema kwa kifupi. Kipindi cha mitihani wanafunzi hutoka maktaba wamechelewa, na ukishavuka geti hakuna taa. Vibaka wanaijua ratiba ya mitihani kuliko wahadhiri. Nimewaona mabinti wakirudi wamevua viatu, wameshika mkononi, ili ikibidi kukimbia wakimbie. Simu ikiporwa, mlinzi wa chuo hujibu kwamba hapo si eneo lake, na kwa karatasi alizopewa yuko sahihi. Waliomwandikia karatasi hizo ndio ninaowaomba wazibadilishe, walau doria ifike kwenye mageto yaliyo jirani hadi maktaba ifungwe, na taa chache ziwekwe njiani.

Kwa semina ijayo ombi langu ni saa moja tu. Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kipo hapa hapa Mwanza na watu wake wamekichunguza kichocho miaka mingi. Waalikwe wazungumze na wageni kabla hawajashuka ziwani na ndoo. Na chuo kitakachotaka kuanza ukaguzi wa nyumba kianzie kwangu, siku yoyote, bila kunipa taarifa.

Mwenye nyumba,
Luchelele, Mwanza