Mlifumua injini, shida ilikuwa feni

Kwa meneja wa gereji,

Habari za kazi. Naandika bado nina uchungu, mnisamehe nikienda mbio.

Mwezi uliopita nilileta gari kwenu inachemsha, na fundi aliyenipokea nilimwambia kabisa kwamba inachemsha nikiwa kwenye foleni tu, nikipata barabara nyeupe nikakimbia kidogo mshale wa joto unashuka wenyewe. Hilo peke yake lilitosha kumpeleka kwenye feni, maana gari ikikimbia upepo wa njiani ndio unapoza rejeta, ikisimama inategemea feni. Hakuuliza kitu kingine. Akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu, imekufa, gari ikakaa wiki nzima injini imefumuliwa.

Gasketi ikifa ina dalili zake jamani. Maji yanapungua na huoni yanapovujia, moshi mweupe unatoka hata injini ikishapata moto, oili inageuka rangi kama chai ya maziwa, au mapovu hayaishi kwenye rejeta. Yangu haikuwa na hata moja, na hakuna aliyepima presha ya rejeta wala kupima kama gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Nilipouliza nikaambiwa fundi ana uzoefu. Uzoefu ni mzuri lakini kipimo kingechukua dakika chache tu kabla hamjashika spana.

Siku ya 2 baada ya kuichukua, foleni, mshale juu tena. Nikazima nikakaa pembeni na watoto mpaka ipoe, niliogopa kwa kweli. Fundi mwingine aliiwasha ikaunguruma palepale mpaka ikapata moto, akaona feni haizunguki, akaipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ikazunguka, akabadilisha relei, kile kiswichi kinachopeleka umeme kwenye feni. Basi. Toka siku hiyo haijachemsha.

Nataka mnirudishie hela yote ya gasketi, kifaa na ufundi. Pia mniandikie kama bolti za hedi mlifunga mpya au mlirudisha zilezile, maana injini nyingi za siku hizi bolti zake zikishafunguliwa hazitakiwi kurudi, na hiyo ndiyo inaninyima usingizi sasa hivi, injini ilikuwa nzima nikawaletea. Na ile gasketi mliyotoa mnipe, nataka nione ilipoungulia.

Mteja wenu