Wale mgambo wa Lukaya nao waandikwe

Mhariri,

Kila ikikaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, magazeti yetu na hili lenu likiwemo yanarudia picha zilezile na majina yaleyale ya makamanda wa Vita vya Kagera, Msuguri, Walden, Mayunga, Twalipo, na mimi sina ugomvi na hilo hata kidogo maana wale wazee walistahili. Jenerali David Msuguri peke yake ni historia nzima, mtu kaingia KAR, lile jeshi la kikoloni la Mwingereza huku Afrika Mashariki, 1942, kapelekwa Madagascar kupigana vita vya Mwingereza, halafu 1979 ndo anaongoza Divisheni ya 20 ya JWTZ kuingia Uganda, na amefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Muandikeni tu, tena muandikeni zaidi.

Ila nauliza, mmeshamuandika mgambo hata mmoja?

Maana tusisahau vita vile vilipiganwa na nani. Majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakashika ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera na kulipua daraja la Kyaka, jeshi letu lilikuwa dogo na sehemu kubwa ilikuwa mbali kabisa na Kagera. Novemba 2 Mwalimu akatangaza redioni kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, na baada ya hapo wakakusanywa polisi, magereza, JKT na mgambo kwa maelfu kwa maelfu, vijana waliotoka kulima, wengine ilikuwa ndo mara yao ya kwanza kutoka nje ya mkoa wao, wakapewa mafunzo ya haraka na bunduki wakaambiwa twende.

Sasa hao ndo walijaa kwenye Brigedi ya 201 iliyofika Lukaya Machi 10, 1979. Lukaya ni mji mdogo tu barabara ya Masaka kwenda Kampala, lakini ukitoka pale kwenda mbele barabara inapita katikati ya kinamasi kirefu, adui akiivunja ile barabara basi vifaru vyetu haviendi popote, kwa hiyo ilikuwa lazima pashikwe haraka. Jioni ile wakaja Walibya waliotumwa na Gaddafi kumuokoa Amin, wako na askari wa Uganda na Wapalestina, wana vifaru na zile roketi za Katyusha. Na kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba roketi zenyewe ziliwapita juu ya vichwa zikaangukia mbali huko nyuma, ila kwa kijana ambaye hajawahi kusikia mlio ule hata kwenye mazoezi ilitosha, safu ikavunjika, wakakimbia kurudi nyuma na wengine wakaingia kwenye kinamasi gizani.

Najua wapo wanaosema hilo lisitajwe kwa sababu linaaibisha jeshi. Mimi napinga kabisa, na ndo sababu kubwa ya kuandika barua hii. Usiku uleule Msuguri akaiagiza Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa izunguke ikatokee nyuma ya adui, na kulipopambazuka Machi 11 ikawa imeshafika kwenye barabara ya Kampala, na huku mbele waliowafuata Walibya uso kwa uso ni nani? Ni walewale wa 201! Walikusanywa, wakapangwa upya, wakarudishwa palepale walipokimbia saa chache nyuma, na wakaenda. Walibya kama 200 walikufa kwenye vita vile, waliobaki wakakimbilia Kampala, na baada ya pale Amin hakupata tena jeshi la kutuzuia. Entebbe ikaanguka Aprili 7 na Kampala Aprili 11.

Mtu ambaye haogopi kitu nampa heshima yake, lakini kijana wa mgambo aliyejua sasa kabisa mlio wa ile roketi ukoje, alioushuhudia jana yake, halafu asubuhi akashika bunduki akarudi, huyo kwangu ndo shujaa wa Lukaya, na jina lake halipo kwenye gazeti lolote nililowahi kusoma.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule alizaliwa 1958 au 1959, hesabu mwenyewe ana umri gani leo. Wapo vijijini, wanapalilia migomba, wajukuu wao hawajui lolote. Mhariri tumeni waandishi wakakae nao, wasiulize mambo ya mikakati, waulize walikula nini, nani alikuwa pembeni yake usiku ule wa kinamasi, nani hakurudi. Wawaulize na madereva wa malori, na waliobeba majeruhi. Anzieni hata huku kwetu Kagera, Kyaka na Missenyi, halafu mikoa mingine yote iliyotoa mgambo, na kila wiki toeni mmoja, jina lake kamili na kijiji chake na picha yake ya sasa. Nusu ukurasa unatosha.

Msomaji wenu,
Bukoba